Upande wa Ng'ombe

Mama Tabutany,

Leo nimekunywa chai nikiwa nimekaa. Najua huamini, kwa hivyo narudia: nimekaa, kwenye kiti, miguu nimeinyoosha, na chai ilikuwa bado moto. Dakika ishirini nzima hakuna aliyeniita. Nilipomaliza kikombe sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikajimiminia kingine. Nikaona habari kama hii siwezi kumpa mtu mwingine kabla yako, maana ni wewe uliyekuwa ukinicheka nikinywa chai huku natembea, ukiniuliza, "Sista, hiyo chai unakunywa ama unaitembeza?"

Tumepata nesi mwingine hapa nyumba ya wazee, Mama. Anaitwa Chelagat, ametoka Moiben, ana sauti ya mwalimu wa kwaya, na hajui kutembea, anakimbia tu. Pamoja naye amekuja msaidizi wa kuosha na kulisha wazee. Asubuhi siku hizi tuko watatu, pale ambapo nilikuwa mimi na miguu yangu. Nitakueleza ilivyotokea, kwa sababu wewe umo ndani ya hadithi hii kuliko sisi wote, ingawa mwisho wake ulikuja ukiwa umeshatuacha.

Lakini salamu kwanza. Wewe hukupenda mtu aingie na jambo zito kabla hajakuambia watu wameamkaje.

Wameamka vizuri. Ulituacha mahindi yakiwa ya magoti. Sasa yanavunwa, Kiplombe yote ni vumbi na matrekta, na shuka nikizianika nyeupe zinarudi ndani na rangi ya udongo. Kiprono, mwenzangu wa zamu, amenyoa zile ndevu ulizokuwa ukiziita kiota. Ameacha pia ile kazi yake ya pili kwenye kliniki huko Elgon View, kwa hivyo siku hizi halali akiwa amesimama. Mzee Hassan bado mikono inamtetemeka, lakini mdomo hautetemeki hata kidogo. Kila asubuhi ananiamuru nimsukume na kiti chake cha magurudumu hadi kwenye dirisha lako, anawaangalia ng'ombe wa jirani, kisha anawatangazia wazee wote ukumbini, "Wamekamua. Wamechelewa." Nilimwuliza anajisumbulia nini, mtu aliyemaliza maisha yake akiendesha malori ya kwenda Lodwar. Akaniambia, "Sisi ni watu wa ngamia, Sista. Lakini huyo mama aliniachia kazi."

Na Ukuta! Ndama wako amekuwa mtamba mkubwa mwenye kiburi. Wiki jana alivunja ua, akaingia kwenye bustani ya jikoni, akala sukuma wiki mistari miwili bila haraka, halafu akaja moja kwa moja kwenye dirisha lako na kuingiza kichwa ndani. Mpishi alimfukuza na mwiko huku akimtaja shetani. Wazee walicheka mpaka wawili wakahitaji kubadilishwa nguo, na mimi niliyewabadilisha nilikuwa nacheka kuliko wao.

Jina hilo la Ukuta ulimpa wewe, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Ile siku aliyozaliwa tuliizungumza mara moja tu, na mengi uliyasema wewe. Upande wangu sikuwahi kukueleza. Leo nina chai na nina kiti, kwa hivyo nivumilie.

Asubuhi ile nilikuwa peke yangu. Kiprono alikuwa na homa, na Madam Jerop, meneja wetu, alikuwa ameenda mjini kufuata dawa. Wazee ishirini na sita, nesi mmoja, na mpishi ambaye akiona damu anakaa chini. Kumi kati yenu mlikuwa hamwezi kujigeuza kitandani. Wewe kiharusi kilikuwa kimekuchukua upande wa kulia wote, kikakuachia mkono mmoja na ulimi, na ulimi ulitosha.

Sheria unaijua: mtu asiyeweza kujigeuza, nesi amgeuze kila baada ya masaa mawili, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, ili ngozi isifanye vidonda. Kila ukimgeuza unaandika kwenye karatasi inayoning'inia miguuni pa kitanda, saa na upande. Wewe kushoto na kulia hukuzitambua. Kwako kulikuwa na upande wa ng'ombe, yaani dirishani, ambako zizi la jirani yetu Mama Chebet linaonekana lote, na kulikuwa na upande wa ukuta.

Sasa nikuambie siri ya kazi yetu, ambayo kila nesi anaijua na hakuna anayeishuhudia kanisani. Asubuhi, kabla ya uji, unapita na kalamu na kujaza karatasi zote mpaka saa nane mchana. Saa mbili kulia, saa nne kushoto, saa sita kulia. Huoni kama unadanganya. Unajiambia unaandika utakachofanya, na unakusudia kukifanya kweli. Halafu mzee mmoja anateleza bafuni, mwingine anatema dawa, simu ya ofisi inalia, binti ya mtu amefika kutoka Pioneer na anataka kujua kwa nini mamake amevaa soksi mbili tofauti. Ikifika saa sita karatasi imemaliza kazi yote, na wewe uko kitanda cha nne.

Ndivyo ilivyokuwa. Saa mbili nilikulaza upande wa ukuta. Saa nne karatasi ilikugeuza, mimi sikukugeuza. Nilikuwa namlisha Mzee Hassan, na Mzee Hassan kijiko kimoja ni hadithi mbili. Nikakusikia ukiita, "Sista! Sista kuja, ng'ombe inazaa!" Nikajibu, "Nakuja, Mama!" huku nikielekea upande mwingine, kama tunavyosema sisi Wakenya tunapoondoka. Uliniita mara tatu. Mara tatu nilikuja kwa mdomo.

Nilifika saa saba kasoro. Hukuwa umenuna, na hilo ndilo lililonitia hofu. Uliniagiza karatasi yako na miwani. Ukasoma polepole, kidole chini ya mstari, kama mtu anayesoma Zaburi. Kisha ukauliza, "Saa nne mimi nilikuwa naangalia wapi?" Nikasema, "Dirisha, Mama," kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi mwako na sikuwa na pa kwenda. Ukaikunja.

"Basi hii karatasi imeona ndama ikizaliwa. Mimi nimeona ukuta."

Mama, nimesomea uuguzi miaka mitatu na nusu, nimekaripiwa na madaktari wa kila aina, lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Nililia. Ukaniacha nilie kidogo, halafu ukaniambia nipanguse pua nikusikilize. Ndipo ukanieleza habari za kile kituo cha kukusanyia maziwa ulichofanyia kazi miaka yako yote ya nguvu. Wakulima walikuja na baiskeli na punda, wewe ukatumbukiza kile kipimo cha kioo ndani ya mtungi, na kikizama kupita alama ilimaanisha maziwa yametiwa maji, yanarudi nyumbani. Ulimrudishia mjomba wako. Ulimrudishia mchungaji wako mbele ya waumini wake, na Jumapili ukakaa benchi la mbele ukimwangalia bila kupepesa. "Maji si sumu," ukaniambia. "Mtu akikunywa hakufi. Lakini ukishaanza kutia, kesho hata wewe mwenyewe hujui maziwa ni gani."

Hukunishtaki kwa Madam Jerop. Adhabu yako ilikuwa nyingine: nikitoka zamu nivuke ua, nimwone huyo ndama, nirudi nikueleze. Nikaenda na viatu vyangu vyeupe vya kroksi kwenye matope ya zizi. Mama Chebet aliponiona na yunifomu alidhani nimekuja kukagua choo. Nikarudi na ripoti yangu: jike, mweusi, ana doa jeupe usoni. Ukauliza, kwato za nyuma je? Sikuwa nimeangalia kwato. Ukanirudisha. Ule ua niliuvuka mara mbili jioni hiyo, na mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu, huku Mama Chebet akiinua mguu wa ndama kunionyesha. Nilipokupa jibu ulifumba macho ukamwona, nina hakika ulimwona. "Mwambie mwenyewe aiite Ukuta," ukasema, "ndio wewe usisahau." Na Mama Chebet akakubali, kwa sababu tangu uanze kumpigia kelele dirishani jinsi ya kukamua, ng'ombe wake walikuwa wameongeza maziwa.

Jumapili iliyofuata binti yako alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya kugandishwa, ukaamuru nipewe kikombe. Kwetu Busia maziwa hayana majivu, na yale madoa meusi niliyakwepa tangu nihamie Eldoret. Nikafumba macho nikanywa. Ukauliza, "Iko na maji?" Nikasema haina. Ukauliza nimejuaje. Nikasema tu kwamba ningejua. Ulicheka mpaka mto ukaanguka, na binti yako akasema hajakusikia ukicheka hivyo tangu ugonjwa ukuangushe. Hicho kicheko nakitembeza, kama ile chai.

Kuanzia siku hiyo niliacha kujaza nisichofanya. Nikigeuza naandika, nisipogeuza naacha wazi. Kufikia Krismasi karatasi zangu zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kiprono alizitazama akaguna, akasema nitafukuzwa, na baada ya wiki mbili zake pia zikaanza kung'oka meno. Tukawa na neno letu. Mmoja akishika kalamu asubuhi na mapema, mwenzake anauliza, "Unatia maji?" Kila jioni wewe ulisoma karatasi yako kabla ya chakula, na palipokuwa na pengo ulisema, "Hapa ulinisahau," bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya mvua. Cha ajabu, mapengo yalinifanya nije mara nyingi zaidi. Karatasi iliyojaa haikuiti. Ile yenye nafasi wazi ilikuwa inaniangalia kila nikipita.

Kisha ukaenda. Siku hiyo nitaifikia, usiniharakishe.

Wiki chache baada ya kukuzika tukapata habari kwamba wakaguzi wanakuja kesho yake. Madam Jerop alituita sote kwenye chumba cha chai. Kulikuwa na mandazi mezani, na ungejua mara moja kwamba kuna jambo, maana mandazi pale hutokea kwa sababu. Kando ya sahani kulikuwa na karatasi mpya, safi, bunda zima, na kalamu za rangi mbili ili isionekane zimeandikwa siku moja. "Tunyooshe makaratasi," akasema. Miezi sita. Tunakili upya, tukiziba mapengo.

Naomba unielewe nilivyokuwa nimekaa pale. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na sahihi ya kuufufua ilikuwa yake. Nina watoto wawili shuleni. Wakaguzi wakiona pengo wanaweza kuiandika nyumba vibaya, wakiona vibaya zaidi wanaweza kuuliza leseni yangu. Kiprono alishika kalamu. Nikashika yangu. Nikavuta karatasi ya kwanza kwenye bunda nililopewa, na jina juu yake lilikuwa lako.

"Hata za marehemu," Madam Jerop akasema. "Hasa za marehemu."

Nikaona pengo la kwanza. Ilikuwa siku moja ya Februari, saa nne. Nikakumbuka siku hiyo ulikuwa ukutani mpaka saa sita kwa sababu nilikuwa nimeshikilia kichwa cha mtu aliyekuwa anatapika. Nilichotakiwa kuandika ni "kushoto". Neno moja tu. Niandike kwamba uliwaona ng'ombe. Ulikuwa chini ya udongo, usingeweza kuniuliza ulikuwa unaangalia wapi, na hapo ndipo mkono ulipogoma.

Nikaweka kalamu chini nikasema, "Madam, hii sitaitia maji." Sauti ilitoka ndogo kama ya mgonjwa. Kiprono akaniangalia, akaangalia andazi lake, akaweka kalamu chini pia, lakini andazi akalimaliza.

Nilingoja anifukuze. Badala yake Madam Jerop akakaa. Unajua yeye pia ni nesi, alivaa kofia kabla sisi hatujazaliwa. Alikaa akaanza kupanga zile kalamu kwenye mstari, halafu akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelijua. "Mimi nimeomba nesi mara tatu. Kila mara wenye nyumba wananiambia, leta karatasi tuone kazi gani haifanyiki. Nawapelekea. Zimejaa. Kila mzee amegeuzwa, kila mzee amekula, saa kwa saa. Wananiuliza, sasa huyo nesi mwingine ni wa nini?"

Miaka yote hiyo, Mama! Tulikuwa tunalia kwamba hakuna anayetuona, na huku kila asubuhi, kabla ya uji, tunaandika kwa mikono yetu kwamba hatuna shida. Nikaanza kucheka, sijui kwa nini, Kiprono akacheka, na Madam Jerop akafunika uso na mikono miwili na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Alipomaliza akarudisha karatasi mpya kwenye kabati, akafunga kwa ufunguo. "Waje," akasema.

Wakaja wawili. Mwanamume alihesabu vitanda na kujaribu mabomba ya maji. Mwanamke, mtu wa umri wa mamangu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, alikaa kwenye meza yangu na karatasi zetu. Alifunua moja, akafunua nyingine. "Kwa nini hapa hakuna kitu?" akauliza. Nikamwambia hapa hakuna kitu kwa sababu hapa hakukufanyika kitu. Nilikuwa kitanda kingine. Akauliza siku hiyo mlikuwa wangapi kwenye zamu. Nikasema, "Mimi." Akaandika. Akauliza tena kwa karatasi nyingine, na nyingine. Jibu lilikuwa lile lile, na kila nikisema "mimi" niliona haya na kiburi kwa pamoja, kama mtu anayevuliwa shati mbele ya watu na kumbe mwilini hana kidonda.

Halafu akafika kwenye yako. Akasoma mpaka chini, akavua miwani, akavaa tena.

"Sista, huyu mama amekufa saa tisa na nusu."

"Ndiyo."

"Na hapa umeandika umemgeuza saa kumi."

Ungekuwepo ungeona jinsi chumba kilivyobadilika. Madam Jerop alishika ukingo wa meza. Karatasi zote zile zenye mapengo, na nafasi moja tu iliyojazwa ikawa ndiyo inayoninyonga. Hakuna ushahidi wa kutia maji uliozidi huo: nesi anayemgeuza mtu aliyekufa. Leseni yangu niliiona ikiondoka na kamba yake ya miwani.

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu, na baada ya hao wa mezani wewe ndiye wa kwanza kusikia, ingawa ulikuwepo.

Siku hiyo saa nane nilikulaza upande wa ukuta kwa sababu ilikuwa zamu yake. Ulikuwa umechoka, pumzi fupi, lakini ulipata nguvu ya kulalamika, "Ukuta tena?" Nikakuambia ni masaa mawili tu, saa kumi nakuja nikugeuze. Ukafungua jicho moja. "Nakuja ya kweli," ukauliza, "ama ile ya Kenya?" Nikasema ya kweli. Ukatabasamu na ule upande wako unaotabasamu, ukafunga jicho. Saa tisa na nusu Kiprono alikukuta umeenda, taratibu, uso ukutani. Tukakuita, tukashika mshipa, Madam Jerop akaandika saa. Walinishika bega wakaniambia hakuna cha kufanya tena. Nikaosha mikono. Nikaangalia saa ya ukutani mpaka mshale ukafika. Saa kumi nikaja, Mama. Nikakugeuza peke yangu, ulikuwa mwepesi, nikaweka mto nyuma ya mgongo kama ulivyopenda, uso dirishani. Ukuta alikuwa kwenye ua, anajikuna. Nikaandika, kwa sababu nilikuwa nimefanya.

Yule mkaguzi aliinuka akaniuliza, "Kitanda chake kiko wapi?" Nikampeleka. Alisimama dirishani akawaangalia ng'ombe muda mrefu kuliko mtu anayekagua. Mzee Hassan, ambaye alikuwa pale kazini kwake, akamwambia bila kuulizwa, "Leo wamekamua kwa wakati." Tuliporudi mezani akafunga faili lako na kuweka mkono juu yake. "Mtu ambaye ameacha mapengo yote haya," akasema, "hawezi kudanganya moja tu." Nikaenda chooni nikalia, halafu nikanawa nikarudi kazini, maana bado nilikuwa peke yangu kwenye zamu.

Sitakuficha, tulikaripiwa. Mapengo ni mapengo, na nyuma ya kila pengo kulikuwa na mgongo wa mtu. Tulistahili. Lakini ripoti iliwaambia wenye nyumba waongeze watu kabla ya msimu wa mavuno, la sivyo wasipokee mzee mwingine. Safari hii hawakuwa na karatasi iliyojaa ya kuinua. Madam Jerop alisaini mkataba wangu wiki iyo hiyo, na alitumia moja ya zile kalamu za rangi mbili.

Chelagat alipofika siku ya kwanza, Mzee Hassan alimwuliza kama anajua mambo ya ng'ombe. Akasema kwao ni ng'ombe tu. Akapita mtihani. Nilimpa karatasi nikamweleza sheria yetu ya kutotia maji, akaniuliza nani aliileta. Nikamwonyesha dirisha. Jana alikuja kwangu na uso umeanguka, ameacha nafasi moja wazi, ya saa sita. Nikamwambia aende kwa huyo mzee amwambie, "Hapa nilikusahau." Akaenda. Nikawasikia wanacheka.

Bado kuna siku ngumu. Bado miguu inavimba, bado kuna binti wa soksi. Lakini mapengo sasa ni machache na kila moja tunalijua kwa jina. Binti yako ameahidi kuleta mursik Jumapili, na sasa nafungua macho nikinywa.

Nakuaga hapa, Mama Tabutany. Kongoi, asante, kwa yote, kwa ukuta na kwa ng'ombe. Ninachokuahidi ni kidogo: sitaandika nilichokusudia, nitaandika nilichofanya. Na nikimwambia mtu nakuja, itakuwa ile ya kweli.

Mzee Hassan ananiita sasa hivi. Nimemjibu nakuja. Naweka kalamu chini.

Sista wako,
Nekesa